Picha Zilizokatwa Vichwa

Hii ya leo hutaamini. Mimi mwenyewe nilipoisikia mara ya kwanza nilimwambia babu, hapo umetia chumvi. Mtu alichukuliwa na Mto Tana, mwili haukuonekana mpaka leo, halafu mama yake akamuaga uso, ana kwa ana, kama maiti yeyote anavyoagwa kabla ya kufungwa sanda. Mwili hakuna, uso upo! Ngoja, usiondoke. Nitakupeleka polepole.

Babu huyu ni baba yake mama. Anaitwa Danson Charo, Mgiriama wa Kaloleni. Katikati ya miaka ya hamsini alikuwa kijana, hajaoa, akaletwa Garsen kufundisha sayansi. Garsen ya wakati huo usiifikirie hii ya sasa. Maduka machache ya mabati, kivuko, vumbi, mbu. Alipewa chumba nyuma ya shule, kitanda cha kamba, basi.

Shida yake haikuwa mbu. Shida ilikuwa maneno. Wapokomo wakikaa barazani wanaongea Kipokomo, Waorma wakija na ng'ombe wanaongea Kiorma. Yeye akifika wanahamia Kiswahili kwa heshima, "Karibu Mwalimu, habari ya shule," na Kiswahili kikishaisha, na kilikuwa kinaisha haraka, wanarudi kwenye lugha yao naye anabaki ameshika kikombe. Wakicheka, yeye anacheka nyuma yao, peke yake, wenzake wakiwa wameshanyamaza. Babu alisema hakuna kitu kinachomchosha mtu kama kucheka kitu usichokijua.

Ni mmoja tu ambaye hakumwacha hivyo. Chande. Kijana wa Kipokomo wa kijiji cha Wema, alikuwa na mtumbwi wake pale Garsen, anavusha watu wasiotaka kungoja kivuko. Mzaha ukipigwa barazani, Chande anamgeukia babu na kumpa kwa Kiswahili, umechelewa, umepoa, lakini umefika. "Wanasema ng'ombe wa Guyo ana akili kuliko Guyo. Sasa cheka." Babu anacheka. Baraza zima linacheka upya kwa kumuona anavyocheka.

Sasa kamera. Mzungu mmoja aliyekuja kupima mto alipokuwa anarudi kwao alimwachia babu kamera yake, zile za sanduku, unaishika tumboni na kuchungulia kwa juu kwenye kioo kidogo kama ukucha. Filamu moja inatoa picha nane tu. Ikiisha unaipa lori la Mombasa ikaoshwe huko, kisha unasubiri.

Na babu alijua mara moja ataipigia nini. Kitabu cha sayansi walichokuwa nacho kilikuwa na picha za Ulaya. Mtoto anateleza kwenye barafu, hapo unafundishwa msuguano. Siku moja akauliza darasani, "Nani anaijua barafu?" Wakatazamana. "Barafu ni maji yaliyokuwa magumu."

"Magumu kama jiwe, Mwalimu?"

"Kama jiwe."

"Sasa huyo mtoto kwa nini asiende kuteka mtoni?"

Darasa likaisha hapo hapo. Babu akasema hapana, sayansi iko hapa hapa Garsen, kila mahali, mtu hajaipiga picha tu. Mtu anayesukuma gogo kwa mti mrefu, huo ni wenzo. Ng'ombe hawashuki mtoni wima, wanashuka kwa njia iliyochongwa mlalo kwenye kingo, ile Waorma wanaiita malka, huo ni mteremko unaopunguza nguvu inayotakiwa. Akaanza kupiga.

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mzee Godhana akiinua mtumbwi uliokwama kwa kutia mti chini yake. Picha safi! Ikarudi kutoka Mombasa, babu akaibandika ubaoni.

"Komora, unaona nini hapa?"

"Naona Mzee Godhana, Mwalimu."

"Na nini kingine?"

"Masikio yake."

Wee! Darasa likalipuka. Masikio! Ni kweli yalikuwa makubwa, lakini babu anauliza, na mti je? "Mti gani, Mwalimu?" Hakuna aliyeuona mti. Kila mtu alimuona mtu anayemjua, akaishia kwenye masikio.

Usiku ule babu akaamua. Kuanzia leo nakata vichwa. Mikono, miguu, kamba, mti, maji, vinatosha. Uso usiingie.

Na hapo watu wote wakamkataa. "Unipige bila kichwa, mimi nimekufa?" Mzee Godhana hata salamu alipunguza. Aliyebaki ni Chande peke yake. Filamu ile iliyofuata, picha zote nane ni Chande. Chande anaruka kutoka mtumbwini, yeye anakwenda mbele na mtumbwi unarudi nyuma, maana ukikisukuma kitu nacho kinakusukuma. Chande anavuta ndoo. Chande amesimama kwenye tope, nyayo tu. Na kila mara ni mabega kushuka chini.

"Umenikata tena?"

"Nimekukata."

"Mwalimu, hata kambale sokoni anauzwa na kichwa chake."

"Kambale hachekeshi darasa."

Chande anacheka. Lakini siku moja hakucheka, alikuwa anafunga mtumbwi, akasema bila kumwangalia, "Mama hajawahi kuniona kwenye picha. Nipige moja nzima, nimpelekee Wema."

Babu akamjibu, "Filamu ijayo." Filamu zilikuwa ghali, na hii alikuwa ameshaipangia kila picha. "Filamu ijayo nakupiga uso mtupu, mpaka utachoka."

"Filamu ijayo," Chande akasema. "Haya."

Picha ya nane ilikuwa ya upondo. Unajua ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ukiuchovya majini unaonekana umevunjika pale unapoingia, lakini ukiuchomoa ni mzima? Mwanga unapinda ukiingia majini, ndiyo maana. Babu alikuwa anaitaka sana hiyo. Mtoni haiwezekani, Tana ni rangi ya chai. Chande akampeleka kwenye kiziwa nyuma ya Wema, mahali mto ulipita zamani ukahama, maji yake yametulia mpaka unaona udongo chini.

Chande akaingia maji ya magoti, upondo mkononi. Babu akasimama ukingoni mbele yake, ameinamia kamera.

"Simama hapo."

"Hapana Mwalimu, pale kuzuri zaidi." Akasogea. Akavua kofia, akajipangusa uso na shati, akaivaa tena vizuri.

"Unajipamba nini na kichwa chako hakimo?"

"Hata kama simo, niwe safi."

"Sasa mbona unainama?"

"Naangalia maji yametulia kama unavyotaka. Haya, piga. Piga sasa, upepo unakuja!"

Babu akauona upondo umevunjika vizuri kwenye kile kioo cha ukucha, akabonyeza. Filamu ikaisha. Kesho yake lori likaichukua.

Halafu mvua. Siyo ya Garsen, ya huko juu milimani, hapa wewe unaona jua tu na mto unapanda. Ukaingia mashamba ya mpunga, ukaingia migombani, ukakata barabara. Guyo, yule Muorma ambaye ng'ombe wake ana akili kumzidi, ndama wake walibaki kwenye kipande cha ardhi ng'ambo, maji yanazunguka. Guyo na baba yake Chande walikuwa marafiki wa kupeana, huyu analeta maziwa, yule anatoa mpunga, na urafiki huo mtoto anaurithi. Kwa hiyo Chande hakuulizwa. Alishuka mtumbwini.

Guyo ndiye aliyeleta habari, ameloa, fimbo hana. Alisema kwa Kiswahili chake, "Ndama moja anaogopa, anaruka. Mtumbwi nageuka. Mimi naona kofia. Mimi naita, naita. Kofia tu."

Walitafuta mpaka karibu na Kipini, mto unapoingia baharini. Waliupata mtumbwi umekwama kwenye matete. Chande hakuonekana.

Sasa sikiliza hapa. Mtu akifa kwao, kabla ya kufungwa sanda, mama anaitwa. Anafunuliwa uso wa mwanawe, anamwangalia, anamuaga, anasema nimekusamehe, unisamehe. Kisha uso unafunikwa na haufunuliwi tena. Mama yake Chande, Bi Mwanaarusi, wazee walipotaka kusoma hitma alisema hapana. Sanda ya bafta alikuwa ameshainunua, imekaa nyumbani imekunjwa. "Sijamuaga. Mtasomaje mtu ambaye sijamuaga?" Shehe akamweleza kwamba maiti wa majini ana sala yake na dua inafika. Akasema, "Dua itafika. Mimi je?"

Akaja Garsen. Sehemu kwa mtumbwi, sehemu kwa miguu kwenye tope, akasimama mlangoni kwa babu.

"Wewe ndiye ulikuwa ukimpiga mapicha mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Nataka kumuona."

Babu angesema pale pale. Angesema, Mama, hamna uso kwenye zile picha, nilikata. Mdomo ulifunguka, kilichotoka ni, "Hazijarudi, Mama. Barabara imekatika."

"Nitasubiri."

Na kweli alisubiri. Kila ukisikika uvumi wa lori, anakuja. Wanakaa kwenye benchi la nje ya chumba, yeye na babu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kipokomo cha babu hakikuwapo, na aliyekuwa anawatafsiria watu wawili kama hao ndiye huyo wanayemsubiri. Mama analeta ndizi, babu anakoroga chai, wanakunywa, jua linapinduka, lori halikuja, mama anaamka anakwenda. Babu anabaki na vikombe viwili.

Barazani alikuwa bado anakaribishwa. "Pole Mwalimu, rafiki yako." Kisha wanarudi kwenye Kipokomo. Siku moja wakacheka kitu, na babu akageuka kushoto kwake kusubiri maelezo. Aligeuka kabisa, uso na mabega, kwenye nafasi tupu. Wote wakaona. Tangu siku hiyo hakwenda tena barazani.

Mara moja alijaribu kumwambia mama. "Mama, kwenye zile picha..."

Akakatizwa kwa mkono. "Usiniambie. Nitaona mwenyewe."

Lori likafika mchana, limejaa tope mpaka kwenye taa. Mama alikuwepo. Babu alisema hata hakupata nafasi ya kuifungua bahasha peke yake, ikabidi aifungulie pale pale mezani. Akazipanga moja moja.

Miguu ikiruka. Nyayo kwenye tope. Mkono kwenye kamba.

Mama akaweka kidole kwenye ule mkono. "Huu wake. Hapa alijikata na jembe, mdogo." Akaenda kwenye nyingine. "Shati hili nilimshonea mimi." Akaangalia zote, kisha akainua macho. "Uso?"

"Nilikuwa nakata, Mama."

"Unakata nini?"

"Vichwa."

Hebu jiweke pale. Unamweleza vipi mama wa watu?

"Kwa nini?"

"Wanafunzi... wakimuona mtu, hawaoni kitu. Nilitaka waone kitu."

Mama akafikiri. Akatafuta maneno ya Kiswahili, akayapata. "Na mtu si kitu cha kuona?"

Babu akazisogeza picha upande wa mama.

Mama akaichukua ya mwisho, ile ya upondo. Hakuwahi kushika picha maishani mwake, akaishika juu chini. Babu akaona miguu iko juu na maji yako juu, akanyoosha mkono amgeuzie. Hata hilo tu angalau, amwekee sawa.

Mama akamzuia. Alikuwa ameganda.

"Huyu hapa."

"Mama, umeigeuza..."

"Huyu hapa!"

Babu akazunguka meza, akasimama nyuma ya bega lake. Na haki ya Mungu, Chande alikuwa pale. Kwenye maji. Juu ya picha kamera ilikuwa imemkata mabegani kama kawaida, lakini chini, kwenye maji yaliyotulia, kivuli chake kizima kimelala, mabega, shingo, kofia imekaa sawa, na uso. Ukiishika vizuri uso uko juu chini, jicho linauruka, linakwenda kwenye upondo. Ukiigeuza, anakuangalia. Anakuangalia wewe, siyo upondo. Na anacheka, meno yote.

Ndipo babu akaelewa kofia. Akaelewa "pale kuzuri zaidi", na kuinama kule, na piga sasa upepo unakuja. Yule kijana alikuwa amejiona majini. Alijitafutia mahali, akajiingiza kwenye picha kwa mlango wa nyuma, na babu mwalimu wa sayansi, ambaye wiki ile ile alikuwa amefundisha kwamba maji yaliyotulia ni kioo, hakuona.

Alicheka, babu. Alisema alicheka kwa sauti na machozi yanamtoka, mzaha ulikuwa umechelewa na umefika. Na mama naye akacheka kidogo, huku ameziba mdomo na leso.

Kisha akaomba maji, akatawadha. Akakaa chini kwenye mkeka, picha mapajani, akasema na mwanawe kwa Kipokomo muda mrefu. Babu hakuelewa hata neno moja, na safari hii hakutaka kutafsiriwa. Alipomaliza akatoa kwenye fundo la leso kipande cha ile bafta aliyomnunulia. Alikuwa anatembea nacho siku zote zile. Akakifunga kwenye picha, akachana kilichozidi, kikabaki mezani.

"Nimemuaga," akasema. "Amefunikwa. Asifunuliwe tena, na mtu yeyote. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

Hitma ilisomwa wiki ile. Ile picha hakuna aliyeiona tena. Babu alikwenda Wema akala wali wa hitma, na Guyo alileta ndama.

Lakini kuna jambo mama hakulijua. Angelijuaje? Picha haiji peke yake. Ndani ya bahasha kulikuwa na ule utepe wa filamu wenyewe, zote nane, na utepe ukiwepo unaweza kuosha nyuso mia. Babu alibaki chumbani, bahasha mkononi, uso wa rafiki yake wa pekee ukiwa ndani, na neno "nimesikia" likiwa bado mdomoni. Akachukua kile kipande cha bafta kilichobaki mezani, akaufunga utepe, akautia kwenye mkebe wa majani ya chai. Hakuutupa. Hakuufungua. Picha nyingine saba alifundishia mpaka zikachakaa. Kamera aliiuza, hakupiga picha tena maishani mwake, ndiyo maana sisi wajukuu hatujui alivyokuwa kijana.

Alitusimulia hayo mwaka mmoja kabla hajafa. Mkebe ninao mimi. Niko nao sasa hivi hapa Minjila, si mbali na Garsen, dirishani. Jana nilifungua kitambaa nusu tu, ncha ya utepe ikatokeza, ile yenye picha ya mwisho, na kwenye utepe rangi ziko kinyume, kwa hiyo nilichoona ni doa jeupe la uso na meno meusi, hayamtambulishi mtu. Simu yangu inaweza kuzigeuza rangi hizo kwa kubonyeza mara moja. Nilishaielekeza. Kidole kilikuwa juu yake.

Hakuna aliye hai anayeijua sura ya Chande. Mama yake alisema asifunuliwe tena. Lakini Chande mwenyewe alivua kofia, akajipangusa, akainama, akataka kuonekana. Na babu alikaa na wote wawili, mama na mwanawe, kwenye mkebe miaka sitini bila kumchagua hata mmoja.

Nimekifunga tena kitambaa, kwa leo. Sijui kesho. Ungekuwa wewe uliyeshika mkebe huu, ungefanyaje?